Zabuni ya Sabuni: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti za Meru na Embu

Waheshimiwa Mawaziri,

Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha sabuni na zabuni, lakini katika ofisi nyingi za umma mambo hayo mawili hushughulikiwa kana kwamba hayajuani. Afisa wa afya anataka sabuni iwepo ukutani. Afisa wa ununuzi anatafuta kifaa kilichomo kwenye orodha ya muuzaji. Kifaa kikishafungwa na kupigwa picha, kila mmoja anahesabu kwamba zamu yake imekwisha. Nawaandikia kuomba jambo moja. Kabla ya kutangaza ununuzi mwingine wa vifaa vya kutolea sabuni ya maji, kubalianeni kwanza juu ya kasha: kasha la bei nafuu, lenye mchoro na vipimo vilivyo wazi kwa kila fundi, linaloweza kubeba chupa yoyote inayopatikana dukani, iwe Gakoromone, Maua, Runyenjes au Kiritiri. Ni jambo dogo, sikatai. Ila katika vyoo vya zahanati, vitu vikubwa karibu vyote hukwamishwa na vidogo vya namna hii.

Kisa cha kwanza cha Kovidi-19 kilipotangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, mitungi yenye mifereji ilijipanga milangoni pa maduka, makanisa na vituo vya matatu, na ndani ya majengo vikafungwa visanduku vya plastiki vya sabuni. Visanduku hivyo ni vya aina mbili, na kila aina ina namna yake ya kufa. Aina ya kwanza hupokea mfuko maalumu wa sabuni unaouzwa na kampuni iliyokitengeneza kisanduku. Mfuko mwingine hauingii. Mfuko ukikosekana Nkubu au Siakago, kisanduku hubaki ukutani kikiwa kizima kabisa, springi yake haijachoka, kifuniko hakina hata mkwaruzo, na hakifanyi kazi yoyote. Aina ya pili ina tangi la wazi ndani yake. Unafungua kifuniko, unamimina sabuni yoyote uliyo nayo, unafunga. Hii ndiyo inayopendwa na mtunza stoo kwa sababu haimfungi kwa muuzaji mmoja. Na hii, kwa bahati mbaya, ndiyo inayopaswa kuwakosesha usingizi ninyi mnaosimamia afya.

Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule ya msingi ambako matangi yote 14 ya sabuni ya kujaziwa yalikutwa yameingiwa na bakteria. Wanafunzi na wafanyakazi walionawa kwa sabuni hiyo walitoka na bakteria wa kundi la gramu-hasi mara 26 zaidi ya waliokuwa nao mikononi kabla ya kunawa. Tafakarini hilo: mtu anakwenda kujisafisha na anarudi mchafu zaidi. Sababu yake haihitaji maabara kuieleza. Tangi halitoki ukutani, kwa hiyo haliwezi kuoshwa vizuri. Mabaki ya sabuni ya mwezi uliopita hukaa chini, sabuni mpya humiminwa juu yake, na utando wa bakteria hujenga makao kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuonya katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono kwenye huduma za afya kwamba sabuni isiongezwe juu ya mabaki, na kwamba chombo kinachotumika tena lazima kisafishwe ipasavyo kwanza. Onyo hilo halitimiziki kwa nia njema peke yake. Mfagizi mwenye vyoo kumi na viwili vya kusafisha kabla ya saa mbili asubuhi hawezi kulitimiza ikiwa kifaa chenyewe kimeundwa cha kuongezewa tu.

Kwa hiyo hoja yangu yote inasimama juu ya kutenganisha vitu viwili ambavyo watengenezaji wamezoea kuviunganisha: kinachogusa sabuni na kinachogusa ukuta. Kinachogusa sabuni ni chupa na pampu yake. Hivyo viwe rahisi kuondoa, kuosha, kukausha na kutupa vikichakaa. Kinachogusa ukuta ni kasha. Hilo halikutani na sabuni kamwe, na kwa kuwa halikutani nayo, laweza kutengenezwa kwa chochote: bati, mbao, au bomba la PVC la inchi 4 la maji taka ambalo kila duka la vifaa vya ujenzi linalo. Bomba la mita 6 likikatwa vipande vya sentimita 30 hutoa karibu makasha 20. Ndani yake chupa nyingi za nusu lita na za lita moja huingia bila kusukumwa. Ile nyembamba hutulizwa kwa pete iliyokatwa kwenye mabaki ya bomba lilelile na kupasuliwa upande mmoja ili ibane. Kuhusu urefu, mgongo wa kasha utobolewe safu ya matundu, moja juu ya jingine, na bolti moja ipitishwe kwenye tundu linalofaa iwe ndiyo rafu ya chupa. Chupa ikibadilika, bolti inahama. Mbele uwekwe mwanya mwembamba wa kuonyesha sabuni imefika wapi, chini tundu la kutolea matone, juu kifuniko kinachoacha kichwa cha pampu nje na kushikwa kwa kufuli ndogo. Mgongoni, skrubu mbili zenye plagi kwa ukuta wa mawe, skrubu tupu kwa ukuta wa mbao, na kwa kibanda cha mabati, kipande cha mbao ya mukima nyuma ya bati ili bolti ipate pa kung'ang'ania.

Kuna jambo moja ambalo mchora ramani asiyejua soko letu atalikosea. Shingo ya chupa ya soda na shingo ya chupa za losheni na sabuni mara nyingi zote zina upana wa milimita 28, na mtu akiziweka mezani ataapa kwamba pampu moja itazifaa zote. Haziko sawa, kwa sababu nafasi kati ya nyuzi zake imepishana. Pampu itaingia nusu mzunguko, itakaa kombo, na baada ya wiki moja itavuja. Mchoro wa kaunti useme wazi kwamba pampu na chupa huchaguliwa pamoja, na kwamba kasha haliingilii ndoa hiyo. Tena chupa za soda ziachwe kabisa. Katika nchi ambayo watoto wamewahi kunywa mafuta ya taa kwa kuwa yaliwekwa kwenye chupa ya soda, hakuna sababu ya kuweka sabuni katika chupa ambayo mtoto wa chekechea anaitambua kama kinywaji. Chupa za losheni na za sabuni ya vyombo zimejaa majumbani; zikioshwa na kubandikwa lebo zinatosha.

Sabuni yenyewe pia ina tabia zake. Vikundi vya kina mama na vijana katika kaunti zote mbili huchanganya ungerol (malighafi ya sabuni ya maji), maji na chumvi, na ni chumvi inayoifanya iwe nzito. Mwenye mkono mzito huipata nzito kama uji, mwingine huipata nyepesi kama chai. Juu ya hayo, baridi huizidishia uzito, kwa hiyo sabuni inayotiririka vizuri Kiritiri yaweza kugoma alfajiri ya Timau. Vali ndogo ya kubofya, ile inayotegemea sabuni ishuke yenyewe, huziba kwa nzito na kudondosha nyepesi sakafuni. Pampu ya kusukuma huvumilia tofauti hizo vizuri zaidi, nayo ikichoka hubadilishwa peke yake. Hapo tena mnaona faida ya kasha lisilojali: likibeba pampu ya leo na ya kesho, kikundi cha Ishiara kitaweza kuuzia zahanati ya Ishiara sabuni bila kuomba ruhusa kwa mtengenezaji wa visanduku.

Wazo la kifaa kinachojikunja kufuata chupa lina wazazi wengi. Kibuyu chirizi, kamba na kijiti cha kukanyaga, kimefundisha vijiji vya Afrika Mashariki kwamba mtungi wowote waweza kuwa mfereji. Mwaka 2020 kampuni ya LIXIL ya Japani ilitoa SATO Tap, kitako cha plastiki kinachopokea chupa za kawaida za plastiki badala ya kuja na chombo chake. Hapa kwetu, watafiti wa Innovations for Poverty Action walibuni na kujaribu Povu Poa, kituo cha kunawia chenye mfereji unaobana maji na chupa ya kutoa povu la sabuni, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2016. Na mwaka 2020, ule wa Kovidi, mtoto wa miaka tisa wa Bungoma alitunukiwa nishani ya rais kwa mashine ya mbao ya kunawia mikono inayoendeshwa kwa miguu. Tulimpigia makofi sana. Sijui kwa nini makofi hayo hayakugeuka kuwa mchoro katika kila chuo cha ufundi.

Nasema vyuo vya ufundi kwa makusudi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti vituo vya afya, limezipa elimu ya chekechea, na limezipa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mnunuzi, mtumiaji na fundi wote wako chini ya paa moja, na hili ni jambo ambalo wizara ya kitaifa haiwezi kujivunia. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 nayo haiwazuii. Inataka mahitaji yaelezwe kwa uwazi na inakataza kutaja nembo ya biashara bila ulazima. Na asilimia 30 ya nafasi za ununuzi imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mchoro wa wazi ndio njia nyoofu zaidi ya kutii sheria hiyo. Fundi wa jua kali wa mjini Embu hawezi kushindania zabuni inayotaja kisanduku cha kampuni fulani "au kinacholingana nacho", lakini anaweza kushindania vipimo vya bomba, tundu na bolti.

Najua nitakayojibiwa, na jibu zito kuliko yote ni kwamba shida yetu ni maji na sabuni, wala si makasha. Katika sehemu kavu za Mbeere na Tigania hilo ni kweli, na pale ambapo mfereji umekauka sitaki hata shilingi moja iende kwenye kasha. Lakini penye maji, sabuni inakosekana kwa sababu mbili ambazo kasha linazigusa moja kwa moja: chupa iliyoachwa wazi huondoka na mtu, na kifaa kilichokosa mfuko wake huachwa kitupu hata stoo ikiwa na mitungi ya sabuni. Wengine watasema kipande cha sabuni kinatosha. Kinatosha, na mwongozo uleule wa 2009 unakikubali, mradi kiwe kidogo na kikae juu ya kibao kinachochuja maji. Nyumbani sina ugomvi nacho. Kwenye choo cha wagonjwa wa nje, ambako mamia hupita, kipande hicho huishia kuelea kwenye dimbwi lake au mfukoni mwa mpita njia.

Watakaosema visanduku vya kuagizwa kutoka nje ni rahisi kuliko kazi ya fundi wamepima bei ya siku ya kwanza tu. Kiwanda kinashusha bei kwa sababu kalibu moja ya plastiki humwaga maelfu ya visanduku vinavyofanana. Faida hiyo inageuka hasara siku mfuko wake unapopotea sokoni, kwa kuwa maelfu yote hufa pamoja. Kuna pia hoja ya ubora, kwamba makasha ya mafundi mbalimbali yatatofautiana. Yatatofautiana rangi na unadhifu, na PVC ikikaa juani bila rangi itakuwa kavu na kupasuka, kwa hiyo ipakwe au ikae ndani. Usalama wa mnawaji, hata hivyo, uko kwenye sabuni, chupa na pampu. Huko ndiko ukali wa ukaguzi na alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) vielekezwe.

Naomba basi yafuatayo, na si mengi. Kila chupa ya ukutani iwe na mwenzake stoo, imeoshwa na kukauka, ili inayokwisha ing'olewe nzima na nyingine ikae mahali pake. Pasiwe na kujazia. Chuo kimoja cha ufundi katika kila kaunti kitengeneze makasha machache ya bomba, ya bati na ya mbao. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa usafi iliyoko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru wapewe nafasi ya kuyakosoa. Yafungwe katika hospitali ya rufaa ya Meru na ya Embu, zahanati moja ya Mbeere na chekechea moja ya Timau, humo kwa kimo cha mtoto, kuanzia baridi ya Julai hadi joto la Februari. Mchoro utakaobaki baada ya hapo ubandikwe hadharani, bila hakimiliki. Kila tarehe 15 Oktoba, tangu 2008, dunia huadhimisha Siku ya Kunawa Mikono, na kila mwaka hukosekana jambo jipya la kutangaza; mchoro huo ungefaa.

Na siku mtakapoita mkutano wa kwanza, pamoja na mhandisi, muuguzi na afisa wa ununuzi, mwiteni pia anayefagia vyoo. Mwulizeni kufuli ikae upande gani, kwa maana ufunguo utakuwa kiunoni mwake.

Wasalaam,
Mlipa ushuru wa Mlima Kenya Mashariki