Mguu Ukivimba, Tuulize Kwanza Kabla ya Kununua Dawa ya Kichina



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, hapa Busanza tunaulizwa mara kwa mara baada ya darsa: "Ustadh, mama miguu imemvimba. Kuna dawa ya Kichina inauzwa, je, atumie?" Wengine huuliza kama ni halali, kwa kuwa imetoka kwa wasiokuwa Waislamu. Leo tumeona tujibu kwa maandishi ili familia zote zifaidike.

Kuhusu asili ya dawa, hapo hapana tatizo. Mtume (s.a.w.) alipohama kwenda Madina aliongozwa njia na Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo alikuwa bado mushrik. Alimchukua kwa sababu alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu. Basi na tabibu tumpime kwa mizani hiyo hiyo: ujuzi na uaminifu.

Wachina wana elimu ya tiba ya zamani sana. Kwa mujibu wake, maji ya mwilini huendeshwa na mapafu, wengu na figo. Kiungo kimoja kikidhoofika, maji hukwama na miguu huvimba. Tabibu wao Zhang Zhongjing, aliyeishi takriban miaka 1800 iliyopita, alifundisha kuwa uvimbe wa juu ya kiuno utibiwe kwa kutoa jasho, na wa chini ya kiuno kwa kukojoza. Tabibu wa Kichina aliyesoma hupima mapigo ya mshipa, hutazama ulimi, huuliza juu ya mkojo na usingizi. Ndipo huchanganya dawa zake, kama uyoga uitwao fu ling, au huchoma sindano. Tazameni basi: hata kwao, dawa haitolewi kabla ya kuuliza maji yamekwama wapi. Anayeuza unga kwenye mfuko bila hata kumwona mgonjwa hafuati tiba ya Kichina wala tiba yoyote.

Wala hatuwadharau madaktari wa China. Walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Rwanda mwaka 1982, na Hospitali ya Masaka, katika wilaya yetu ya Kicukiro, ilijengwa kwa msaada wa nchi yao. Lakini hao wanafanya kazi hospitalini, penye vipimo.

Sasa tusikilize kisa hiki. Miongoni mwa dawa za Kichina za kupunguza maji mwilini kuna mzizi uitwao fang ji. Jina hilo limetumika kwa mmea zaidi ya mmoja, na mmoja wao, guang fang ji, una sumu inayoua figo. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene walipewa mmea huo wenye sumu badala ya ule mwingine. Madaktari walilitangaza jambo hilo mwaka 1993, na baadaye walioharibika figo walizidi 100. China yenyewe iliuondoa mmea huo katika dawa zake rasmi mwaka 2004. Fikirini, enyi wenye akili: figo zikifa, miguu huvimba. Mtu ananunua dawa ya kuondoa uvimbe, kumbe ananunua uvimbe wenyewe!

Uvimbe ni dalili, na maradhi yanayouleta ni mengi. Huenda ni moyo umechoka kusukuma damu, au figo, au ini. Mama mjamzito akivimba uso na mikono na kuumwa kichwa, huenda ni hatari ya kifafa cha mimba. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wenzetu wa pwani wana matende, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu.

Na sisi Rwanda tuna imidido. Huu hautokani na mbu, wala uchawi, wala laana, wala hauambukizi. Unawapata watu wenye maumbile ya kuathirika ambao wametembea peku kwa miaka mingi katika udongo mwekundu wa asili ya volkano. Chembe ndogo za udongo huingia kupitia ngozi na kuharibu njia za maji ya mwilini. Daktari Mwingereza Ernest Price aliuandikia ugonjwa huu wa Rwanda na Burundi tangu mwaka 1976. Matibabu yake ya msingi ni kuosha miguu kila siku kwa maji na sabuni, kuikausha vizuri, kuipaka mafuta, kuifunga bendeji, kuinyanyua, na kuvaa viatu.

Nasi Waislamu si tunaosha miguu kila siku kwa udhu, tukipitisha maji katikati ya vidole? Basi tuongeze kukausha kabla ya kuvaa viatu.

Tunakiri kwamba na sisi walimu tuna sehemu ya lawama. Mgonjwa hutujia, tukamsomea ruqya, tukamwambia asubiri. Ruqya ni haki, lakini haikuja kuzuia vipimo. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa anayejitia kutibu bila kujulikana kwa ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara yake. Na wapo wagonjwa wa imidido wanaoacha kuja msikitini kwa haya, maana mlangoni viatu huvuliwa na miguu yote huonekana. Dhambi ya macho yanayowakodolea ni yetu, si yao.

Basi nasaha zetu ni hizi. Kwanza, mguu ukivimba, nenda kituo cha afya kwa bima yako ya mutuelle, upimwe mkojo, damu na presha. Pili, ukitaka dawa ya Kichina au ya miti shamba, mwambie daktari jina lake. Dawa isiyo na jina usiinywe, na uliza pia kama ina pombe au kitu cha haramu. Tatu, usiache dawa za hospitali kwa ahadi ya muuzaji. Nne, enyi wanafunzi, someni maandishi ya paketi kwa niaba ya bibi na babu wasiojua kusoma. Huo ni wema kwa wazazi.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.