Kumnyamazisha Mtoto Si Kumkomaza

Katika Kambove, mji wa shaba na kobalti ulio kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, na katika miji mingine ya madini ya Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imeenea imani kwamba mtoto, hasa wa kiume, akikatazwa kulia tangu utotoni atakuwa imara kuyakabili maisha ya machimbo. Na kwa kuwa maisha hayo ni magumu kweli, imani hiyo huonekana kuwa busara, ingawa humuumiza yule yule inayedai kumlinda.

Upotofu wake hudhihirika msibani. Shimo la wachimbaji wadogo linapoporomoka na kumuua baba wa nyumba, watu wazima hukusanyika kwenye kilio, yaani maombolezo, ambako mjane huketi chini pamoja na wanawake wenzake, hulia kwa sauti na kumtaja marehemu kwa jina, wala hakuna anayemwona dhaifu. Mtoto wake wa miaka minne mara nyingi hupelekwa kwa jirani, huambiwa kwamba baba amesafiri, na akizidi kuuliza hukaripiwa. Jamii inayojua vyema hivyo kuibeba huzuni ya mkubwa haina udhuru wa kuipuuza ya mdogo.

Wanaomnyamazisha hudhani wanamfunza kudhibiti hisia, lakini kudhibiti hisia, yaani kuitambua hasira, hofu au huzuni na kuituliza bila kujidhuru wala kudhuru wengine, si sawa na kuificha. Wanasaikolojia wa Marekani James Gross na Robert Levenson walionyesha mwaka 1993 kwamba watu wazima walioagizwa kuficha hisia zao walipokuwa wakitazama filamu ya kuchukiza walifaulu kutuliza nyuso, lakini mikono yao ilizidi kutoka jasho. Ikiwa mtu mzima ameshindwa kuutuliza mwili wake, mtoto ataweza vipi? Kinyume chake, utafiti wa mwanasaikolojia Judy Dunn na wenzake, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba watoto ambao wakiwa na miaka 3 walizungumza zaidi na jamaa zao kuhusu hisia, walipofika miaka 6 walizitambua vizuri zaidi hisia za wengine.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inakataza kumtumikisha katika kazi za hatari, lakini mvulana aliyefunzwa kwamba kuogopa ni aibu atanyamaza siku atakapotumwa shimoni. Basi mzazi amwulize mtoto anayelia, "Unaogopa nini? Niambie," kisha angoje jibu, na penye kilio mtoto asifukuzwe, bali akae karibu na mama yake na kuambiwa kwamba baba amekufa.