Tafuteni Maneno Ndani ya Neno

Watoto, andikeni jina la mji wetu: LUBUMBASHI. Lina herufi 10. Kwa herufi hizo tungeni maneno mengine. Simba limo. Lima, mbali na shiba yamo pia. Je, shaba limo? Wabelgiji walianzisha mji huu mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, lakini neno lenyewe halimo. Linataka A mbili, na Lubumbashi ina A moja tu. Mwenye haraka hukosea. Mwenye kuhesabu hadanganyiki.

Wengine husema mchezo huu hupoteza wakati. Sivyo. Ng'ambo ya Kasumbalesa, jirani zetu Wazambia hutumia Kiingereza shuleni na ofisini, na Kiingereza hakiandikwi kama kinavyosemwa. Katika herufi zile zile 10 mtapata lamb, yaani mwana-kondoo. B yake huandikwa, lakini haitamkwi. Sikio halitaisikia, jicho litaiona.

Asiyezoea kutazama kila herufi, kesho atatia sahihi katika barua asiyoielewa. Basi anzeni kwa Kiswahili, kisha mjaribu Kiingereza. Hesabuni kwanza, jibuni baadaye.