Walionunua Mapema Wanatudai

Tarehe 19 Februari 2008, mjini Tokyo, Atsutoshi Nishida, aliyekuwa rais wa kampuni ya Toshiba, aliwakabili waandishi wa habari akawaarifu kwamba kampuni yake itaacha kuunda na kuuza deki za HD DVD, na kwa maneno hayo machache ukakoma mvutano wa karibu miaka miwili baina ya mifumo miwili ya diski za picha ang'avu, HD DVD upande mmoja, na upande wa pili Blu-ray ya Sony na washirika wake. Magazeti ya biashara yaliandika kwa kirefu juu ya faida ya tajiri huyu na hasara ya tajiri yule. Walakini aliyetajwa kwa uchache mno ni mnunuzi aliyekwenda dukani mapema, akatoa fedha zake taslimu, akaibeba deki hadi nyumbani kwa imani kwamba filamu zitaendelea kuletwa. Huyo ndiye nimkusudiaye leo, maana naitakidi kwamba alidhulumiwa, na dhuluma yake haijapata kuitwa kwa jina lake.

Ajabu ya ugomvi ule ni kwamba mahasimu wote wawili waliteka maji katika kisima kimoja. Mwanga wa buluu, ambao mtaalamu Shuji Nakamura aliusumbukia katika kampuni ya Nichia huko Japani hadi hatimaye, mwaka 2014, akashirikishwa katika Tuzo ya Nobeli, ndio uliowapa wote leza yenye wimbi la nanomita 405, ilhali DVD ya kawaida husomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Na kadiri wimbi linavyopungua urefu, ndivyo ncha ya mwanga inavyozidi kuwa nyembamba, na maandishi ya diski yakaweza kubanana zaidi pasipo kuchanganyika. Tofauti ilikuwa katika kina. Wenye Blu-ray waliyaweka maandishi yao umbali wa sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka usoni mwa diski, wakapata gigabaiti 25 katika kila tabaka. Wenye HD DVD wakayaacha palepale yalipokuwa katika DVD, kina cha milimita 0.6, wakaridhika na gigabaiti 15, kwa sababu viwanda vilivyokuwa vikichapa DVD viliweza kuzichapa diski hizo kwa mabadiliko madogo na gharama nafuu. Hoja ya nafasi na hoja ya wepesi wa kuunda: wala sisemi kwamba mojawapo ilikuwa ya kipuuzi. Lakini mtazamaji aliyeketi sebuleni aliletewa mistari ileile 1080 katika mifumo yote miwili, na sidhani kwamba katika watazamaji mia moja wangepatikana hata wawili wa kuamua, kwa macho tu, ipi ni ipi.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Mwaka 2005 pande hizo mbili zilikaa kitako zikajaribu kuafikiana juu ya mfumo mmoja, zisiafikiane. Na baada ya kushindwa kupatana, hali zikijua fika kwamba soko haliwezi kuilea mifumo miwili na kwamba mmoja hauna budi kufa, kila upande ulifunga bidhaa zake katika masanduku mazuri ukazipeleka madukani. Aprili 2006 deki za Toshiba zilianza kuuzwa Marekani, moja kwa dola 499 na nyingine kwa dola 799. Juni ya mwaka huohuo Samsung ikaleta deki yake ya Blu-ray kwa dola 999. Juu ya masanduku hayo hapakuandikwa mahali popote kwamba mnunuzi ananunua upande katika vita. Alidhani ananunua deki, kumbe amefanywa kadhi wa kesi isiyomhusu, tena kadhi anayelipia gharama za mahakama kwa mfuko wake mwenyewe.

Wala hakuachiwa hata huo ukadhi. Mwenye deki ya Blu-ray hakuweza kupata filamu za Universal, na mwenye HD DVD hakuweza kupata za Disney, Fox wala Sony, si kwa sababu ya upungufu wowote wa mtambo, bali kwa sababu ya mikataba iliyotiwa saini vyumbani asikoalikwa. Agosti 2007 Paramount, iliyokuwa ikitoa filamu zake kwa mifumo yote miwili, iliiacha Blu-ray, na waliokwisha kununua deki za Blu-ray wakiamini kwamba filamu hizo ni zao nao wakaamka wamefungiwa mlango. Tarehe 4 Januari 2008 ikawa zamu ya wenzao: Warner, iliyokuwa na maktaba kubwa ya filamu, ilitangaza kwamba itakwenda na Blu-ray peke yake, mwezi wa Februari Netflix na Walmart zikafuata, na kabla mwezi huo haujakwisha Nishida alikuwa amekwisha kusema aliyoyasema. Na hebu tukumbuke kwamba Novemba 2007, miezi mitatu tu nyuma yake, deki ya Toshiba iliuzwa katika maduka ya Walmart kwa bei isiyofika dola 100, na watu wakaigombea. Hao hawakuwa matajiri wapendao kuonekana wa kwanza. Walikuwa watu wa kadiri, waliosubiri bei iteremke hadi uwezo wao uifikie, na ilipowafikia ikawafikia imebeba mauti ndani yake.

Najua jawabu ninalopewa kila nilizungumzapo jambo hili, kwamba atanguliaye kununua hujitakia mwenyewe, na kwamba mwenye busara hungoja. Jawabu hili silikubali hata kidogo. Everett Rogers, mtaalamu wa Kimarekani aliyetoa mwaka 1962 kitabu chake mashuhuri juu ya namna mambo mapya yanavyoenea katika watu, aliwakadiria wale wa mbele kabisa kuwa asilimia 2.5, na wale wanaowafuatia kuwa asilimia 13.5, na akabainisha kwamba umma uliobaki huwaangalia hao ndipo uamue. Maana yake ni kwamba wale wenye kungoja, na mimi ni mmojawapo, tunangoja kwa gharama ya wengine: ni fedha zao zilizoendesha viwanda hadi bei ikashuka, ni lawama zao zilizowafanya mafundi wasahihishe kasoro, na sisi tukaja mwishoni tukavuna mazao ya shamba tusilolipalilia.

Hata upande ulioshinda haukuwalipa wema waliouamini mwanzo. Deki za Blu-ray zilizoundwa kabla ya Novemba 2007 hazikulazimishwa kuwa na uwezo wa kuonyesha picha ya pili ndani ya picha, nazo zilipotoka diski zenye mambo hayo, wengi wenye deki za zamani wakabaki kuyasoma maelezo yake juu ya jalada tu. HD DVD, iliyozikwa, ilikuwa tangu siku ya kwanza imelazimisha kila deki iwe na tundu la kuunganishia mtandao.

Na liko jambo moja linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki, nalo naliona lastahili kutajwa. Katika DVD dunia iligawanywa kwa kanda, nchi zetu zikawekwa katika kanda ya 5, Oman na nchi za Ghuba katika kanda ya 2, Marekani na Kanada katika kanda ya 1, hata Mswahili wa Maskati akimpelekea nduguye wa Unguja diski halisi aliyoinunua dukani, deki ya Unguja yaweza kuikataa. Blu-ray nayo iligawa, ijapokuwa kwa mafungu matatu tu, Afrika ikiwa pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. HD DVD haikuwa na mipaka hiyo. Diski ya Toronto ingalichezwa Mombasa pasipo hila ya fundi yeyote. Ulipokufa mfumo ule, ulikufa pamoja na uhuru huo, na katika waliotoa uamuzi hapakuwa na wa kutusemea.

Je, palikuwa na njia bora? Naam, ilikuwapo, na Sony wenyewe ndio waliokuwa mfano wake. Mkanda wao wa Betamax, waliouleta mwaka 1975, ulishindwa na VHS ya JVC, iliyotoka mwaka uliofuata. Lakini Sony iliendelea kuunda deki za Betamax hadi 2002, na mikanda yake mitupu hadi 2016, miaka mingi baada ya dunia kuusahau. Toshiba iliahidi kuendelea kuzihudumia deki zilizokwisha uzwa, na ahadi hiyo siibezi. Lakini deki inayotengenezwa vizuri ilhali filamu mpya hazitoki ni taa iliyosuguliwa ikameta katika mji ambao mafuta hayauzwi tena. Duka la Best Buy liliwapa wateja wake walionunua HD DVD kadi ya manunuzi ya dola 50 kila mmoja. Na baadaye Warner ikakubali kubadilisha diski za HD DVD kwa za Blu-ray, kwa malipo ya dola 4.95 kila moja. Hayo yanathibitisha kwamba fidia haikuwa muhali. Kilichokosekana ni wajibu wa kuitoa.

Rai yangu ni kwamba kampuni zinazoshindwa kuafikiana juu ya mfumo mmoja, kisha zikaamua kuingia sokoni kushindana, zilazimishwe kwa sheria kuweka amana kabla ya kuuza deki ya kwanza, ili atakayejitoa ndani ya miaka mitano amrudishie mnunuzi sehemu ya bei, au ambadilishie mtambo kwa ule uliosimama. Watasema kwamba sharti kama hilo litawatisha wavumbuzi. Mimi naona lingaliwatisha wakurugenzi, na kwamba kama amana hiyo ingalikuwako mwaka 2005, mazungumzo yale yaliyovunjika yangaliendelea siku nyingi zaidi, na huenda yangalifika.

Agosti 2009, mwaka mmoja na nusu baada ya tangazo la Tokyo, Toshiba iliomba kuingia katika jumuiya ya Blu-ray, ikapokewa, ikaanza kuuza deki za mfumo uleule iliokuwa ikiupinga. Wateja wake wa mwaka 2006, waliotaka nao kuvuka, walizikuta deki hizo rafuni, na wakatakiwa kulipa bei kamili.