Kwa wanaotuandikia magazetini kuhusu kipande



Kuna watu bado tunasoma gazeti la karatasi. Pale barazani baada ya Alasiri gazeti moja lapita mikono saba, na kurasa zinazochakaa mwanzo ni zile za maoni, si za mpira kama mnavyodhani. Sasa tangu Rais William Ruto atie saini lile agizo lake kule Wajir tarehe 5 Februari 2025, la kuondoa msasa wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani wanaoomba kitambulisho, kuna makala za maoni ambazo nimezisoma mpaka chai ikapoa. Nyengine zimeandikwa na watu wenye nia njema, nyengine na watu ambao sidhani wamewahi kupanga foleni ya kipande maishani mwao. Waandishi siwataji, maana hoja ni zile zile, jina tu ndilo hubadilika juu ya ukurasa.

Hoja inayopendwa zaidi ni ya usalama. Yasema hivi: mkiondoa msasa mumewafungulia magaidi mlango. Hii siipuuzi, na msiipuuze. Waliouliwa na Al-Shabaab ni pamoja na watu wetu. Mwalimu Salah Farah alikuwa Muislamu, akapigwa risasi kwenye basi kule Mandera Disemba 2015 alipokataa kutengana na abiria wenzake Wakristo, akafariki Januari mwaka uliofuata. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba sisi uchungu wa ugaidi hatuujui.

Lakini hebu tuangalie hoja yenyewe imesimama wapi. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja kati ya washambuliaji alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, babake ni chifu kule Mandera. Chifu! Yaani mtoto wa yule yule ambaye serikali humtegemea kuthibitisha nani ni nani. Nenda mbele mpaka Januari 2019, hoteli ya DusitD2 pale Riverside, watu 21 wakauawa. Aliyetajwa kuwa kiongozi wa shambulizi alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi wa jeshi letu. Sasa niambieni, msasa wa kuuliza babu yako alizaliwa wapi ungewashika vipi hawa? Babu zao walikuwa hapa hapa. Wangepita mbele ya kamati ya wazee na kuamkiwa kwa heshima.

Kinachomshika gaidi ni upelelezi, ni raia anayeamini kwamba akipiga simu polisi hatageuzwa yeye kuwa mshukiwa. Na raia huyo umemuambia tangu ana miaka 18 kwamba wewe hatukuamini mpaka uthibitishe. Wenye kuandika habari za usalama waliweke hilo kwenye hesabu zao.

Halafu kuna jambo ambalo makala hizi hulipita kwa mbali. Msasa umekuwa soko. Mwenye haraka na mwenye pesa hupata njia, mtoto wa maskini ndiye huambiwa rudi wiki ijayo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ililiandikia suala la vitambulisho ripoti nzima mwaka 2007, na waliokuwa wamesoma wakati ule wanajua shida hizi si za jana. Ukiwa na mlango ambao mwenye hila analipa akapita na mkweli anakwama, huo mlango unamlinda nani?

Hoja ya pili ni ya kura. Ati agizo la Wajir ni kampeni ya 2027, watu wanapewa vipande ili wapige kura upande fulani. Hapa mimi sina haja ya kumtetea mwanasiasa. Inawezekana kabisa ameangalia kura, mwanasiasa gani haangalii? Lakini angalieni makala hizo zinavyoenda. Zinaanza kwa kumlaumu Rais, zikifika katikati lawama imehamia kwa kijana wa Wajir, na mwisho wa ukurasa yule kijana ndiye tatizo. Kwani kijana wa Nyeri au wa Kisii akifuatwa na wanasiasa wote wakimbembeleza ajiandikishe, kura yake huitwa ya wizi? Huitwa uzalendo. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati nyengine yoyote ya usajili ambayo serikali hutoa kwa raia. Hakikusema raia ambaye kura yake inatupendeza.

Na kipande si cha kura peke yake. Bila kipande husajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna M-Pesa. Benki hawakufungulii akaunti, nambari ya kodi hupati, leseni ya kuendesha hupati, mkopo wa chuo ni ndoto, na hata kuingia jengo la ofisi mjini kutafuta kazi bawabu anakuuliza kitambulisho. Kijana anakuwa na miaka 22 na laini ya mamake. Akisimamishwa na polisi usiku, hapo nyinyi wenyewe mwajua kinachofuata.

Nije kwa hoja ya tatu, ambayo kwangu mimi ndiyo inayouma. Yasema kwamba msasa ni jambo la kawaida, umekuwepo siku zote, mbona sasa ndiyo kelele. Ni kweli umekuwepo. Lakini hebu angalieni ni wa nani. Sisi huku Pwani bado twaita kitambulisho "kipande", na neno hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Mkoloni alitunga sheria ya kusajili wenyeji mwaka 1915, na ilipoanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza, mwanamume Mwafrika akalazimika kuvaa kipande chake shingoni ndani ya kijikebe cha chuma, ili Mzungu ajue ametoka wapi na nani amemuajiri. Harry Thuku na wenzake waliipigia kelele hiyo miaka ya 1921 na 1922, na watu wakauawa kwa risasi Nairobi Machi 1922. Leo magazeti yanamuita shujaa. Vizuri, ni shujaa. Basi mtu akisema leo kwamba hataki karatasi itumike kumpanga raia daraja la pili, ashushiwe angalau nusu ya heshima hiyo.

Halafu ikaja 1989. Wasomali Wakenya, na wao tu, wakaamrishwa wajitokeze kuchunguzwa upya uraia wao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Kadi mbili kwa Mkenya mmoja. Hii ilikuwa miaka mitano tu baada ya mauaji ya Wagalla, kule kule Wajir, Februari 1984. Mwandishi anayesema msasa ni utaratibu wa kawaida aandike pia kwamba makabila mengine hayakuupata utaratibu huo wa kadi ya pili.

Huku kwetu Mombasa, Lamu na Malindi hatukupewa kadi ya waridi, lakini mwenye jina la Kiislamu anajua foleni yake ni ndefu. Binti wa jirani yangu alimaliza kidato cha nne, akaenda kuomba kipande akiwa na cheti cha kuzaliwa, vipande vya wazazi wote wawili na barua ya chifu. Ofisi sitaitaja. Akaambiwa alete kipande cha bibi yake mzaa baba. Sasa bibi huyo alifariki zamani, na mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978 wanawake nchi hii hawakuwa wakisajiliwa kabisa. Yaani serikali haikutaka kumuandika bibi, na leo mjukuu anaadhibiwa kwa kuwa bibi hakuandikwa. Yule afisa hakuwa hata mkali, alisema kwa upole mno, "lete tu mama, ni utaratibu". Binti amerudi mara nne. Nafasi ya kazi aliyokuwa ameahidiwa dukani imeshachukuliwa na mwengine.

Zipo pia makala za kusifu, nazo zina neno. Zilisema agizo la Wajir limemaliza dhuluma. Mimi nililifurahia, sitasema uongo. Lakini agizo si sheria. Sheria ya Usajili wa Watu, kifungu cha 8, bado inampa afisa wa usajili uwezo wa kudai ushahidi zaidi kutoka kwa muombaji, na haimuwekei mipaka ya maana. Afisa aliyezoea kudai kipande cha bibi hatasahau kwa sababu ya hotuba. Angalieni historia yetu ya matangazo. Wamakonde wa Kwale ilibidi waandamane kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale walingoja mpaka 2023. Wanubi wamekaa Kibera zaidi ya miaka mia, na kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua mwaka 2011 kwamba Kenya imewakosea watoto wao katika suala hili hili la uraia, na bado msasa ukaendelea. Wanubi hao hao ndio walioenda mahakamani juu ya Huduma Namba, na Mahakama Kuu tarehe 30 Januari 2020 ikasema mpango ule usiendelee bila kanuni za kutosha, ikataja hatari ya kuwaacha nje wasiokuwa na hati. Nataka kuona makala inayouliza Bunge litarekebisha kifungu cha 8 lini. Mpaka sasa sijaisoma.

Na kabla hatujamaliza na waandishi tujigeukie kidogo. Wanaokaa kwenye kamati za msasa ni wazee wetu wenyewe. Wanaochukua mia mbili ya chai ili jina lipite ni watu tunaosimama nao safu moja msikitini. Na wapo miongoni mwetu waliomuuzia kipande mtu asiyekuwa na haki nacho, wakampa hoja yule mwandishi wa gazeti. Kuna na familia za Garissa ambazo wakati wa ukame zilijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili watoto wapate chakula, na leo watoto hao alama zao za vidole zasema ni wageni katika nchi yao. Hao siwalaumu, njaa haina adabu. Lakini wauza vipande nawalaumu.

Sasa vijana, mukienda kuomba kipande mukakataliwa au mukazungushwa, ombeni sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuitekeleza. Ombeni kwa adabu, muandike tarehe, na jina la afisa aliyewahudumia. Wengi wao wakisikia neno "maandishi" hukumbuka ghafla kwamba stakabadhi zako zatosha. Wakikataa kabisa, pelekeni malalamiko ofisi ya Ombudsman, hawatozi pesa. Wekeni nakala ya kila karatasi, hata ile risiti ndogo ya kungojea.

Na hizi kurasa za maoni musiwaachie wao. Kila gazeti lina sehemu ya barua za wasomaji, Taifa Leo ikiwemo. Barua huwa fupi, hoja moja tu, jina lako na mahali unapokaa. Musiandike matusi, mhariri ataitupa na atakuwa na haki. Andikeni: nimeenda mara ngapi, nimeulizwa nini, sheria yasema nini. Yule binti wa jirani ameandika yake Jumapili, nikamsahihishia herufi mbili tatu, tumeipeleka. Tunangoja kama itatoka.