Mkanda wa Mgongo Hautulizi Kizunguzungu

Mchuuzi mwenye kipaza sauti pale Kariakoo haoni haya. Mkanda anaouza, wa mpira wenye vyuma vyembamba nyuma, eti unanyoosha mgongo, unakata kizunguzungu na kumrudishia mzee ujana wake. La ujana tumwachie mwenyewe. Mengine yanawagusa wazazi wetu wanaoanguka bafuni, kwa hiyo lazima yajibiwe.

Dai lake la kwanza ni kwamba mtu huyumba kwa sababu mgongo umepinda. Mgongo uliopinda huchangia, sikatai, lakini si wenyewe unaotuweka wima. Ubongo hutegemea habari za macho, za sikio la ndani, na za nyayo na viungo vinavyoueleza mguu umekanyaga wapi. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari aliyeingiwa na ganzi miguuni hutembea vizuri mchana, na umeme ukikatika usiku anapapasa ukuta. Macho ndiyo yaliyokuwa yakizibia pengo la nyayo. Mfunge hata mikanda mitatu, gizani atapepesuka vilevile.

Kuhusu kizunguzungu, mchuuzi anazungumza kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kuna kile kinachomshika mtu akigeuka kitandani au akiinua uso kutazama juu ya kabati, kikaisha kabla ya dakika moja. Mara nyingi chanzo chake ni chembe za chokaa zilizobanduka mahali pake ndani ya sikio na kuingia kwenye mifereji yake. Daktari Mmarekani, John Epley, alibuni njia ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua hadi chembe zitoke, akachapisha matokeo yake mwaka 1992. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kifaa chake ni kitanda. Mwingine huona giza anaposimama ghafla kwa kuwa presha imeshuka, pengine kwa sababu ya dawa anazomeza. Huyu mkanda wa kubana tumbo waweza kumfaa kweli, ila huo ni mkanda mwingine, na huvaliwa baada ya kupimwa.

Wapo pia wanaoupinga mkanda kwa dai la pupa: kwamba kila kishikizo cha mgongo hulegeza misuli. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wanawake wenye mifupa dhaifu na pingili zilizovunjika. Waliovaa kishikizo cha mgongo saa 2 kwa siku, miezi 6, misuli yao iliongezeka nguvu na kuyumba kwao kukapungua kwa takriban robo. Hata hivyo walikuwa wagonjwa wachache wa maradhi maalumu, na kifaa chao si ule mpira wa barabarani. Tena kuyumba kidogo kwenye kipimo si sawa na kutoanguka nyumbani.

Na huo mkanda wa mchuuzi, kuuvaa usiku na mchana? Hapana. Kwa joto letu, ngozi ndiyo itakayotangulia kulalamika.

Dai la mwisho la mchuuzi, kwamba mzee hana njia nyingine, ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu njia ipo na haiuzwi. Mapitio ya tafiti 108 yaliyotolewa mwaka 2019, zenye washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23. Mazoezi yenyewe ni kama kuinuka kitini bila kushika popote, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mtaalamu wa fiziotherapia humpangia kila mtu kiasi chake, na mzee huyafanya kila wiki, si siku moja akaacha.

Basi pesa ya mkanda iweke kwanza. Mpeleke mzazi wako apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na umbebee dawa zake zote daktari azione. Ukirudi, mfungie kishikio kwenye ukuta wa bafu.