Kolwezi: fundi akihama, ujuzi unahama naye

Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi Gécamines, katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Hapa kwetu tunauita « depa volontere ».

Malipo yaliisha haraka, ila ujuzi ulibaki kichwani: wapi mwamba wa Kamoto ni wa kuogopwa tangu ulipoanguka 1990, namna gani kiwanda cha Luilu kinatunzwa. Kampuni za kibinafsi zilipofika, hazikukuta nyumba tupu. KCC ilichukua Kamoto na Luilu, na mafundi wa Gécamines wakavuka pamoja na mashine.

Lakini vijana je? Mwaka 2021, ripoti ya RAID na CAJJ ilisema kwamba katika migodi 5 mikubwa, wafanyakazi 57 kwa 100 waliajiriwa kupitia kampuni za sutretansi. Kijana wa kontra ya miezi michache anajua mashine moja, kontra inaisha, anarudi mtaani. Naye anahama, ndiyo, ila anahama na nini?

Ujuzi unapita pale mzee na kijana wanafanya kazi pamoja miaka. Wale wazee wanazeeka. Tuulize kampuni mapema: nani anawafuata?